Nani Alichonga Jeshi Dogo

4 Februari 2019

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, binti wa kaka yako, yule uliyembandika jina la Kiroboto kwa sababu sikuwa natulia kitini. Siku hizi natulia sana. Magoti yamenifundisha adabu. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza wifi gani wewe, mwaka mzima huna hata salamu. Mzee Bati bado yupo kiwandani, kwenye chumba cha kumiminia bati. Ana miaka sabini na mitatu, anaimba wimbo wake uleule na mpaka leo hajui ubeti wa pili.

Nimekupigia simu mara nyingi, haipokelewi. Nikaona nirudi kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Tunafunga Jeshi Dogo mwezi wa tisa. Tangu baba afariki mwaka jana nimejaribu kuishikilia kampuni, lakini watoto wa sasa wanapigana vita vyao kwenye simu, na wateja wetu waliobaki wana mvi kunizidi. Kalibu zote za kumiminia askari tutawapa chama cha wachezaji wazitunze. Wao wameomba kitu kimoja tu: ndani ya boksi la mwisho kiwemo kijitabu cha historia ya kampuni. Kalamu nimekabidhiwa mimi.

Ninayoyajua ni machache, shangazi. Baba alitunga mchezo wa Mabonde Saba, wewe ukachonga askari wake, mkafanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, halafu mwaka 2000 ukaondoka. Watu wanasema mligombana kwa ajili ya plastiki. Niambie mlianzaje. Na kama si vibaya, niambie mliishaje.

Kuhusu kutokuja kwenye mazishi ya baba sikuulizi. Anayeuliza ni mama.

Mwanao,
Kiroboto

*

19 Machi 2019

Kiroboto mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani mwezi mzima, na si kwa dharau. Mimi sijambo, nazeeka tu kama wenzangu. Mvua imeangusha ukuta wa uani. Jirani yangu, nesi mstaafu, anakuja kila alasiri kunywa chai yangu na kunisengenyea watu nisiowajua. Mwambie mama yako wifi yake yu hai na anajua amekosa.

Unauliza tulianzaje. Tulianza na mguu. Baba yako alikuwa mpiga chapa, na kama wapiga chapa wote aliamini hakuna kazi asiyoiweza. Taa ya sebuleni ikagoma. Badala ya kumwita fundi umeme, akapanda ngazi mwenyewe. Alishuka kwa njia ya mkato, akavunjika paja. Wiki tisa kitandani.

Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa nzima nachonga meno ya nta, kisha tunatengeneza kalibu. Siku ya nne mama yako akaja kliniki, machozi yakimlengalenga. "Wifi, kaka yako atanitia wazimu. Anahesabu mbao za dari halafu ananisomea majibu."

Nikakusanya mabaki ya nta, nikamchongea askari sita, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Nikampelekea. "Shika. Waamrishe hawa, mwache mke wako apumue."

Kesho yake nilimkuta amewapanga juu ya blanketi. Goti lake na ile plasta vilikuwa vimeinua blanketi likawa vilima na mabonde. Akaniambia, amekunja uso kama jenerali: "Dada, nimehesabu mabonde saba. Huyu wa mbele hawezi kuvuka bonde kwa hatua moja. Nipe utepe wako wa kushonea." Wiki ilipoisha alikuwa na utepe wa kupimia mwendo, dadu mbili za kuamua nani kapigwa nani kapona, na daftari limejaa kanuni. Kanuni ya kwanza ilisema: Atakayepiga kelele ameshindwa vita. Hiyo ilikuwa kwa ajili yako. Ulikuwa na mwaka mmoja na ulikuwa na usingizi mwepesi kama wa paka. Ulipoamka ukammeza mpiga ngoma wetu. Tulingoja siku mbili. Alirejea salama.

Nta huvunjika, kwa hiyo nikawamimina kwa bati, vilevile tunavyofanya kwa meno. Marafiki wa baba yako wakataka. Marafiki wa marafiki wakataka. Tukapanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu, tukamchukua Mzee Bati, enzi hizo si mzee, na kazi yake ya kwanza ikawa farasi mia mbili. Bati likapoa kabla ya kufika mguu wa nne. Farasi mia mbili, miguu mitatu mitatu! Nikasema tuyeyushe. Baba yako akasema ngoja kwanza. Tulipomaliza kula mchana alikuwa ameshaandika kanuni: Farasi wa miguu mitatu huenda polepole, lakini haogopi kitu, maana baya limeshampata. Mwanangu, watu waliwapenda kuliko wazima. Tulipoleta wa miguu minne tukaandikiwa barua za malalamiko.

Haya ya mwisho tuyaache. Yaliyopita si ndwele.

Shangazi yako

*

2 Aprili 2019

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na ukuta. Nilimsomea mama barua yako jikoni, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akakataa katakata kwamba aliwahi kulia kliniki. Mzee Bati naye ana rufaa. Anasema bati lilipoa kwa sababu wewe ulikuwa unaongea naye, na adabu haimruhusu mtu kumimina huku akiongeleshwa na mwanamke.

Nimeanza kuandika. Nina maswali mawili madogo.

La kwanza ni mwandiko. Makabati yetu yamejaa lebo zako, herufi zimesimama wima kama meno yako ya nta. Barua niliyopata ina herufi za mviringo, zimelala. Ni nani anakuandikia?

La pili ni la wachezaji, wanapenda sana habari za vifaa. Wanasema sanamu zako ishirini na saba za mwisho, zile za Msafara wa Malkia, ndizo bora kuliko zote ulizowahi kuchonga. Nyuso zao ni ndogo kuliko punje ya mtama, lakini kila mmoja ana sura yake. Zile ulizichonga kwa lenzi gani?

Mwanao,
Kiroboto

*

25 Mei 2019

Kiroboto,

Marahaba. Ukuta umesimama. Fundi aliyeujenga ameacha ndoo yake, kwa hiyo ama atarudi au ametupa zawadi.

Kifundo cha mkono kinanisumbua, ndiyo maana nesi ananiandikia. Herufi zake ni za watu wa hospitali, shukuru unaweza kuzisoma. Kuhusu lenzi, lenzi ni lenzi. Ilikuwa ya mviringo.

Waandikie watu mambo ya maana. Waandikie kuhusu Jumamosi. Tulipohamia ule mtaa wa magereji na kupata wafanyakazi kumi na moja, baba yako alikataa kuweka meza ya mapokezi pale mbele. Akaweka meza za kuchezea, sita, amezipaka rangi ya majani makavu. Jumamosi saa tatu asubuhi zimeshajaa. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyeshindwa kila wiki kwa miaka minane na hakukosa hata siku moja. Dereva wa lori alipaka askari wake rangi kwa brashi ya unywele mmoja, na vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi. Daktari na mfagiaji wa kliniki yake walikuwa wakikutana pale kama majemadari wawili, na Jumatatu wanarudi kuamkiana kama kawaida. Kaka yangu alikuwa anazunguka kati ya meza, kalamu sikioni, anaulizwa: "Jemadari, askari akiwa nusu yuko mtoni nusu yuko nje, analowa?" Anafikiri kabisa. Halafu anasema, "Analowa nusu." Na jibu hilo linaingia kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka unaofuata.

Mimi nilikuwa nakaa dirishani, nachonga. Nilikuwa nasikia vicheko, naona mwanga unaingia. Sijui kama unaelewa, mwanangu. Hakuna siku niliyoenda kazini nikiwa sitaki.

Tuligombana kwa ajili ya plastiki. Yeye alitaka tuache bati, mimi sikutaka. Andika hivyo.

Shangazi yako

*

8 Juni 2019

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, mama ana mafua tu.

Nimekuficha jambo, na siwezi kuendelea kuandika historia huku nimelikalia. Swali la lenzi halikuwa la wachezaji. Lilikuwa langu.

Mwezi wa tatu nilifungua kabati la juu, lile ambalo baba alikuwa anatembea na ufunguo wake. Nilikuta sanamu zote ishirini na saba za Msafara wa Malkia, zile za asili ulizochonga kwa mkono. Lakini zipo mara mbili. Seti moja ndiyo iliyotengenezewa kalibu, ndiyo watu wanaijua. Nyingine imefungwa kwenye pamba, moja moja. Miili ni ileile, vigumu kuamini ilivyo mizuri. Nyuso ndizo zimekwenda kombo. Macho yamekaa mashavuni. Malkia ana mdomo chini ya kidevu. Na juu ya boksi kuna maneno ya baba: Za dada. Zisiyeyushwe.

Nilizipeleka chumba cha kumiminia. Mzee Bati akaacha kuimba.

"Umefungua kabati la juu," akasema.

"Nimefungua. Hizi ni nini?"

"Kamuulize shangazi yako."

"Nakuuliza wewe."

Akageuza ndoo, akaikalia. Akaniambia kwamba miaka mitatu ya mwisho ya kazi yako baba alikuwa anafika saa kumi na mbili asubuhi, kabla geti halijafunguliwa. Alikuwa anatengeneza nakala ya kila sanamu yako na kuichonga uso upya, kisha anaisukuma kwenda kwenye kalibu kama vile ndiyo yako. Siku moja Mzee Bati aliwahi kazini akamkuta. Baba akamwapisha kwa jina la mama yake mzazi. "Na mimi," anasema, "sijawahi kumwambia mtu, mpaka wewe leo umenisimamia kama askari wa forodha."

Shangazi, sikuulizi ili nikuaibishe. Ulikuwa unaona vizuri?

Kiroboto

*

20 Julai 2019

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sasa na hujajibu. Kama nimekuumiza, nisamehe. Kijitabu kitaingia kwenye mashine ya chapa tarehe kumi Septemba, lakini hata kisipotoka, si neno. Nataka tu kujua kama u mzima.

Kiroboto

*

3 Agosti 2019

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na nesi amechoka kukaa na kalamu hewani.

Kifundo cha mkono hakiniumi. Sioni. Pembeni naona kidogo, mwanga na vivuli. Katikati, pale unapotazama uso wa mtu, pana ukungu. Ulianza mwaka 1997. Sikumwambia mtu. Mchongaji akisema haoni, amebaki nani? Nikawa nachonga kwa kucha na kwa kumbukumbu. Miili ilinikubali. Nyuso nilidhani zimenikubali pia, maana kila sanamu niliyotoa ilisifiwa.

Siku moja mwaka 2000 niliingia kwenye duka la vifaa vya kuchezea, pale mjini. Nikamchukua Malkia rafuni, nikafumba macho, nikapitisha ukucha usoni kwake, mazoea yangu tu. Mwanangu, mimi huchonga pua kwa mikato miwili. Maisha yangu yote, miwili. Ile ilikuwa na mikato mitano, midogo midogo, ya mtu anayeogopa. Nikamchukua mpiga mbiu. Mitano. Mbeba bendera. Mitano. Nikasimama pale dukani nikiwa nimeshika askari wa bati, nikaelewa kila kitu. Nani mwingine duniani angeweza kunyamaza namna ile?

Nesi hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na pua.

Sikukasirika kwamba alinisahihisha. Nilikasirika kwamba alinihurumia, na alinihurumia miaka mitatu huku akinichekea. Nikarudi kiwandani. Nilimkuta anaongea na watu wa plastiki. Basi nikaikamata plastiki hiyohiyo, nikapiga kelele mbele ya wafanyakazi wote, nikachukua mkoba wangu. Alinifuata mpaka getini. "Dada, sema tatizo ni nini." Nikamwambia, "Plastiki." Aliniandikia barua tatu. Sikuweza kuzisoma, na sikutaka mtu wa kunisomea.

Na mazishi. Ningekuja nikiongozwa mkono mbele ya watu wote, wanaojua kwamba dada wa Jemadari ndiye mwenye macho makali kuliko wote mjini. Nilivaa. Nilikaa kwenye kiti, mkoba mapajani, mpaka saa ikapita. Hilo ndilo jibu la mama yako. Si jibu zuri.

Sasa nisikilize. Kwenye kijitabu, futa jina langu kwenye zile ishirini na saba. Andika jina lake. Nimesifiwa miaka kumi na tisa nikijua kwamba nyuso zile si zangu.

Shangazi yako

*

12 Agosti 2019

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako mara mbili peke yangu, kisha nikamsomea mama. Akamaliza kukunja nguo. Halafu akasema: "Mwambie wifi siku ile hakuna aliyekuwa anatafuta macho yake. Tulikuwa tunatafuta bega lake."

Jina lako sijalifuta. Kabla sijafanya lolote ninakutumia kifurushi. Baada ya barua yako nilikwenda kuvuta droo zote za meza ya baba. Ile ya chini kabisa ilikuwa nzito, nikadhani ni misumari. Ni vichwa, shangazi. Vichwa vya Malkia, mia moja na kumi na vinne, kila kimoja kwenye karatasi yake na mwaka wake. Alikuwa anajifunzia. Nimevipanga kwenye trei kuanzia mwaka 1997, mstari kwa mstari, ili uvipapase kwa mpangilio.

Kuna jambo moja sijalielewa. Vichwa vya kiwandani vinaishia mwaka 2000, maana baada ya hapo Msafara wa Malkia haukuongezwa hata sanamu moja. Lakini karatasi zake haziishii hapo. Zinakuja 2003, 2008, 2012. Ya mwisho ni ya mwaka juzi, alipokuwa tayari anaumwa. Hakukuwa na kazi ya kufanya. Alikuwa anachonga ya nini?

Jumamosi tarehe 21 Septemba tunafungua milango mara ya mwisho. Meza zote sita zitakuwepo. Mwalimu wa hesabu amethibitisha kwamba anakuja kushindwa.

Mwanao,
Kiroboto

*

30 Agosti 2019

Kiroboto mwanangu,

Marahaba. Mafua ya mama yako yameisha? Mimi sijambo. Nesi anasema nikuambie presha yangu ilipanda Jumanne, na kosa ni lako.

Trei ilifika mchana. Tuliiweka mezani, nikaanza na mstari wa kwanza. Jamani, kaka yangu! Mtu alikuwa hajui kuchonga! Cha kwanza pua kama kiazi. Cha pili hakina pua kabisa, ameivunja akaiacha. Cha tano kina kitu chini ya pua, nikamuuliza nesi, akatazama kwa miwani yake, akasema, "Mimi naona sharubu." Malkia, mwenye sharubu! Tulicheka mpaka chai ikamwagika kitambaani. Ndipo presha ikapimwa.

Nikaendelea. Mwaka 1998, 1999, mikato mitano, ileile niliyoikuta dukani. Pua inakaa mahali pake, lakini unamsikia anavyobana pumzi. Mwaka 2000 mitano bado. Nikafika hapo unapouliza wewe. Mwaka 2003 ni mikato minne. Mwaka 2008 ni mitatu. Mwaka 2012 nesi akanishika bega, maana nilikuwa narudia kichwa kimoja tena na tena.

Ni miwili, mwanangu. Miwili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kuzungusha, kama yangu. Hata mwisho wa ule wa pili anauinua kidogo kama nilivyokuwa nauinua mimi, na hilo sijawahi kumfundisha mtu. Hicho cha mwisho kabisa, cha mwaka juzi, nimekipapasa kwa ukucha kutwa nzima, na sijui kusema kama kimechongwa na yeye au na mimi.

Unauliza alikuwa anachonga ya nini. Hakuwa anachonga. Alikuwa anakaa na mimi.

Jina langu liache, na lake liweke kando yake. Ukiulizwa nani alifanya nini, jibu kama yeye: nusu na nusu. Andika pia habari za macho yangu, kama ilivyokuwa, usipambe. Andika kwamba plastiki haikuwa na kosa.

Basi la tarehe 20 linaingia huko saa nane mchana. Nesi atanipandisha huku na kumpa kondakta maagizo mpaka amchoke. Wewe njoo na mama yako mnipokee. Mtu akisimama mbele yangu simtambui, kwa hiyo msisimame mkingoja niwaone. Niiteni kwa sauti, mje mnishike mkono, mmoja huku na mmoja huku, na mnipitishe katikati ya watu. Halafu kwanza kabisa, kabla ya kiwandani, mnipeleke kaburini kwake.

Shangazi yako